Pancha iliyotushusha Mikindani

Wiki hii mmeuliza: ni mahali gani ulipita miaka nenda rudi, ukaja kupajua siku moja tu uliposhuka garini? Kwangu ni Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na Mtwara. Kutoka kwetu Lindi ni kilomita 100 hivi, na kama si msumari ningekuwa bado naiona dirishani tu.

Tulikuwa tunakwenda harusini Mtwara, mimi, mama na mjomba, na Noah ni ya mjomba. Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapochepuka, tulinunua ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, maana mama hapiti pale mikono mitupu. Tunaingia Mikindani, ghuba imeshaonekana, tairi la nyuma likalala. Spea nayo haina upepo. Mjomba hakusema neno. Kijana wa bodaboda akayapakia matairi yote mawili kupeleka kwa fundi, akatuambia tuzunguke kidogo. Hicho kidogo kilikuwa saa mbili na nusu.

Kila tuliyemuuliza cha kutazama alinyoosha kidole juu, kwenye boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, jeupe, lina mnara, limekaa kilimani kama mtu anayewachungulia waliomo chini. Limekarabatiwa na sasa ni hoteli. Ni zuri, sikatai. Pia tulioneshwa nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mimi niliwawaza zaidi Susi na Chuma, waliokuwa kwenye msafara uleule, na ambao baadaye waliubeba mwili wake kutoka bara mpaka Bagamoyo.

Lakini mjomba, ambaye ni fundi mwashi, alisimama kwenye gofu moja la uchochoroni na hapo ndipo tulipomalizia muda wetu. Ukuta ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, ndani kunaonekana kama keki iliyokatwa: mawe ya matumbawe yenye vijishimo kama sega la nyuki, chokaa katikati, na ncha za boriti za mikoko zilizokuwa zimebeba dari. Mlango wa nakshi ulishaondoka, umebaki uwazi wake. Ubavuni, mtu mwenye nia njema alikuwa ameziba ufa kwa saruji. Mjomba akaigonga kwa ukucha, ikabanduka kipande kizima, na tumbawe la nyuma yake likamwagika kama unga.

"Saruji haipumui," akasema. "Unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, jiwe linaoza. Hapa ni chokaa tu, kama walivyofanya wenyewe."

Niliudhika. Boma la mtawala limepata mafundi wa chokaa, nyumba za wenye mji zinapata kiroba kimoja cha saruji, tena kwa huruma ya jirani.

Mzee mmoja aliyekuwa barazani akisuka mkeka alitusikia, akaingilia. Kwa maelezo yake, Mikindani haikufa, ilinyang'anywa. Majahazi yalikuwa yakijaa hapo. Baada ya Vita vya Pili Waingereza wakaja na mradi wao wa karanga Nachingwea, wakataka bandari ya maji marefu ya meli kubwa, wakaijenga Mtwara, na reli pia. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, reli nayo ikang'olewa baada ya Uhuru. Bandari ikabaki kulekule. "Hiyo Mtwara mnayoikimbilia," akasema, "ni mtoto wa juzi." Mama akamkatia ming'oko, wakaanza kuulizana koo.

Matairi yaliporudi ilibidi tumwite mama mara tatu. Harusini tulikuta pilau limebaki ukoko. Shangazi akatushika mlangoni: mlikuwa wapi nyie watu?

"Mikindani," nikamjibu.

"Mikindani! Kufanya nini?"