Nikko: anza na paka, malizia na tumbili

Msomaji aliye masomoni Tokyo ameniandikia kwamba alikwenda hekalu la Nikko Toshogu, katika mji wa Nikko kaskazini mwa Tokyo, akarudi na picha za visogo vya watu, na yule paka wa kuchongwa hakumwona kabisa. Inauma, maana kosa lilikuwa mpangilio tu.

Panda treni ya alfajiri ya kampuni ya Tobu kutoka kituo cha Asakusa, Tokyo. Safari huchukua karibu saa mbili, kisha basi, kwani kwa miguu ni kama kilomita 2 za kupanda. Lango hufunguliwa saa 3 asubuhi. Novemba hadi Machi hufungwa saa 10 jioni, na kuingia mwisho ni nusu saa kabla. Vaa viatu vya kuvulika upesi, maana ukumbi mkuu hauingiwi na viatu wala haupigwi picha.

Umati wote husimama kwenye zizi la farasi kupiga picha tumbili watatu wa kuchongwa, wasioona, wasiosikia na wasiosema baya. Wewe wapite. Lipite hata lango la Yomeimon, ushike kulia kuelekea kaburi la Tokugawa Ieyasu, shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Juu ya mlango wa njia hiyo amelala Nemuri-neko, paka mdogo kuliko watu wanavyomdhania, ndiyo maana wengi hupita chini yake bila kumwona. Ukishavuka, geuka: upande wa pili shomoro wanacheza kwenye mianzi, paka hana habari. Kisha panda ngazi 207 za mawe kabla makundi hayajafika.

Ukishuka, ndipo uikabili Yomeimon. Ina michongo zaidi ya 500, na ukiitazama yote kwa pamoja hutaona hata mmoja. Chagua kona moja, tumia darubini. Tafuta nguzo ambayo nakshi yake imepinduliwa: iliwekwa hivyo makusudi, kwa imani kwamba jengo likikamilika ndipo huanza kuharibika. Aliyezoea milango ya Lamu, ambako mti wenyewe huonekana, rangi na dhahabu zitamchosha macho haraka. Pumzika.

Zizi, sasa, mbao zake hazina rangi. Tumbili hawa si watatu, ni vibao vinane vya maisha mamoja, na wale mashuhuri ni kibao cha pili tu, utoto. Anza na mama anayekinga macho kwa mkono akiutazama mustakabali wa mwanawe. Nenda polepole: upweke, tamaa ya makuu, kuanguka, mapenzi, mawimbi. Kibao cha nane ni tumbili mjamzito, na mtoto atakayezaliwa ndiye unayemkuta tena kwenye kibao cha kwanza.