Fuvu kwanza, jina baadaye: kwa mwelimishaji mpya wa Olduvai

Basi la shule likifika makumbusho ya Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, watoto wamekaa njiani saa nyingi, vumbi limewajaa kichwani na nusu yao wanatafuta choo. Usiwaanzishie somo pale pale. Wape dakika 20 za choo, maji na vitafunwa. Ukizibania, utazilipa ukumbini kwa kelele. Kisha wagawe makundi ya watoto 15 hivi. Darasa la watu 50 likizunguka kabati moja la vioo, walio nyuma huona visogo tu.

Kosa la kwanza la mwelimishaji mpya ni kuanza na majina na tarehe. Ukitamka tu "Zinjanthropus, Mary Leakey, 17 Julai 1959", yaani kiumbe wa kale mwenye fuvu hili (Zinj kwa kifupi), mtafiti aliyelipata na siku alipolipata, daftari zote hufunguka, vichwa vinainama, na hakuna anayelitazama fuvu tena. Wengi wameagizwa warudi na noti, kwa hiyo hunakili vibao neno kwa neno. Patana na mwalimu wao mapema: dakika 15 za kwanza daftari zikae mkobani, nafasi ya kuandika itakuja mwishoni.

Mbele ya fuvu, waambie waweke vidole kwenye panja zao, wabane meno, walegeze, wabane tena. Watahisi msuli ukituna chini ya vidole. Waulize umeishia wapi; wengi wataonyesha pembeni, juu kidogo ya sikio. Sasa waelekeze utosini mwa Zinj, kwenye ule ukingo wa mfupa uliosimama kama upanga wa jogoo. Msuli wake ulipanda mpaka pale. Halafu kila mmoja apapase kwa ulimi gego lake la mwisho, kisha atazame magego ya Zinj. Huna haja ya kuwaambia kwamba kiumbe huyu alitafuna sana, watakwambia wao. Hapo ndipo jina linapata pa kukaa, tena lina utamu wake: Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao wetu, na ndilo hilo lililomo ndani ya Zanzibar.

Alitafuna nini? Wageni hupenda kusema alikuwa mpasua kokwa, kwa sababu ya taya kubwa. Kemia ya meno ya spishi yake imeonyesha kwamba alikula zaidi mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Mpe mtoto yote mawili: dhana iliyotokana na umbo, na ushahidi uliokuja kuirekebisha. Na useme wazi kwamba anachokitazama ni nakala. Fuvu lenyewe linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ukikutana na nakala yenye taya la chini, jua kwamba Zinj alipatikana bila taya hilo. Umbo lake hukisiwa kwa kufuata taya la spishi hiyo hiyo lililookotwa na Kamoya Kimeu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Watoto hawavunjiki moyo wakisikia hivyo. Maswali mazuri huanzia hapo.

Miaka milioni haiingii akilini kwa kutajwa tu. Chukua kamba ya mita 4 na vibanio vya nguo, kila milimita iwe miaka 1,000. Miaka 2,000 iliyopita iko milimita 2 kutoka mwanzo. Maisha ya bibi wa miaka 70 ni unene wa unywele. Binadamu wa aina yetu anaanza kuonekana kwenye sentimita 30. Zinj yuko mita 1.8 hivi, nyayo za wahenga wa kale zilizokutwa Laetoli, karibu na Olduvai, mita 3.66. Lazima atatokea mtoto wa kuuliza dinosau. Usimpe namba, mtoe nje, umwonyeshe umbali wa mita 66, pale dinosau wa mwisho walipotoweka, kisha mita 150 kwa wale wakubwa wa Tendaguru, Lindi, ambao mifupa yao ilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 na sasa imesimama Berlin. Akitembea hatua hizo mwenyewe, hatasema tena kwamba watu waliishi na dinosau. Kamba isiwe ya raba wala ya nailoni inayovutika, maana watoto 15 wakiishika kila upande, Zinj huhama sentimita kumi.

Swali la umri huwakwaza hata walimu. Wengi husema "walipima mfupa kwa kaboni". Hapana. Kaboni 14 huishiwa nguvu kwenye miaka 50,000 hivi, na kwa Zinj haina kazi. Kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya mfupa. Ndani ya madini yake mna potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka taratibu kuwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto, agoni hutoroka. Likiganda, hunaswa na kuanza kujikusanya. Umri wa majivu ndio unaotupa umri wa mfupa. Lifundishe hili ukiwa kwenye kingo za korongo, siyo ukumbini: chini kuna jiwe jeusi la volkano, juu yake tabaka la I alikotoka Zinj, na juu zaidi lile tabaka jekundu la III ambalo hata mtoto mwenye usingizi hulitambua.

Kuhusu mfupa kugeuka jiwe, mfano wa jikoni unatosha: ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji yanayopita ardhini nayo hubeba madini, yakayaacha kwenye vitundu vya mfupa. Ongeza kwamba mifupa mingi haifiki huko, kwa kuwa fisi huitafuna na jua huipasua. Iliyobahatika ni ile iliyofunikwa upesi kwa tope la ziwa au majivu.

"Mwalimu, kwa hiyo tumetokana na nyani?" Swali hili halikosi. Kosa moja limo ndani ya neno lenyewe, maana nyani ni yule anayeiba mahindi shambani, na kwetu ni ndugu wa mbali. Jamaa wa karibu ni sokwe, naye pia si babu yetu. Sisi na yeye tuna mhenga mmoja wa zamani sana. Akileta hoja ya dini, usibishane wala usimcheke. Mwambie hapa tunaonyesha kilichochimbwa na namna kilivyopimwa, kisha rudi kwenye fuvu.

Kwa Laetoli, wape chaki na rula. Kila mmoja achore unyayo wake sakafuni, apime, agawe kwa 0.15: mguu wa sentimita 21 unatoa urefu wa 140. Kisha wafanye hivyo kwa unyayo mdogo wa Laetoli, kama sentimita 18. Watapata 120. Wavue viatu, maana soli ikiongeza sentimita 2 tu, mtoto hurefuka sentimita 13 kwenye karatasi. Waambie pia kwamba uwiano huu ni wa watu wa leo, hivyo jibu ni makadirio.

Zoezi la nakala liwe la mwisho, tena nje. Mafuta ya mgando yapakwe kwenye kombe au ganda la konokono, ligandamizwe kwenye udongo wa mfinyanzi, litolewe. Kikombe kimoja cha maji kwa viwili vya unga wa plasta hutosha mashimo sita au saba ya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nyunyiza unga ndani ya maji. Ukimwaga maji juu ya unga, utapata madonge. Koroga taratibu, vinginevyo mapovu yatatoboa nakala, na umimine mara moja kwa sababu ndani ya dakika 10 uji huwa umeshika. Unga wa kuzibia viungo vya dari ni rahisi kupatikana ila hukawia kukauka, usiutumie. Plasta hupata joto ikiganda, kwa hiyo mtoto asitumbukize mkono. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki, yataganda bombani. Ngoja dakika 40 kabla ya kubandua, na kila nakala ifungwe kwenye gazeti, kwani itakuwa bado mbichi na basi linatikisika.

Kabla hawajapanda, tazama mikono. Daima yupo aliyeokota kitu korongoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, lakini mtoto huelewa zaidi ukimwambia kwamba mfupa uliohamishwa hauna tena tabaka, na usio na tabaka hauna umri. Akupeleke alipouona, aurudishe palepale, kisha waite watafiti.