Kwa nini Columbus na si New York: namjibu mpwa wangu mbele ya ukoo mzima

Marahaba, mpwa wangu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili nikiwa nimepaki nje ya kazini, na kwa kuwa uliutuma kwenye kundi la ukoo, nami nakujibu hapa hapa wote wasikie. Umesema visa yako ya ukaazi imetoka, wenzako uliosoma nao uhasibu wanaelekea New York na Boston, na hukuelewa kwa nini mimi nimekaa miaka yote hii kwenye mji ambao hata kwenye filamu hauonekani. Ukauliza kama huku kuna kazi ya maana na kama mtu anaweza kufungua biashara yake, kama hiyo ya usafirishaji unayoiwaza. Halafu mama yako akadakia: "Huko fedha zipo au hazipo? Sema ukweli." Haya, ukweli wenyewe huu.

Nilipofika Marekani mwaka 2013 sikuanzia hapa. Miezi minane ya kwanza nilikaa New York, chumba kimoja watu watatu, sehemu yangu ya kodi dola 550 kwa mwezi. Usiku nilikuwa napanga bidhaa dukani. Nikishalipa kodi, nauli ya treni na chakula, kilichobaki hakikutosha kumtumia mtu hata ada ya muhula mmoja. Rafiki mmoja Mkongo akaniambia yuko Columbus, jimbo la Ohio, na kwamba ghala analofanyia kazi linaajiri kila wiki. Nikapanda basi la usiku. Haikupita wiki tatu nilikuwa nabeba maboksi kwa dola 10.50 kwa saa, na baada ya miezi miwili nikapanga nyumba yangu mwenyewe: chumba, sebule, jiko na bafu, upande wa kaskazini karibu na barabara ya Morse, kwa dola 560. Kodi iliyokuwa ikinipa theluthi ya chumba ikanipa mlango wangu na ufunguo wangu. Mshahara haukuupita sana ule wa New York. Kilichobadilika ni kile kilichobaki mfukoni mwisho wa mwezi.

Jibu langu kubwa ni hilo. Mji wa ukubwa wa kati unamvuta mfanyakazi kwa kile kinachobaki baada ya kulipia kuishi, na makampuni nayo yanakuja kwa hesabu hiyohiyo. Columbus ni makao makuu ya Ohio. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 905,748 mjini, na ukijumlisha kaunti zinazouzunguka wanapita milioni 2. Barabara kuu ya 70, inayotoka mashariki kwenda magharibi, na ya 71, inayounganisha Cleveland na Cincinnati, zinakutana katikati ya mji, na ya 270 inauzunguka kama pete. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa lori kuendesha saa 11 kabla ya kupumzika. Ndani ya saa hizo, lori likitoka hapa linafika Chicago, Washington, Atlanta, hata New York yenyewe. Ardhi ya kujenga ghala hapa ni nafuu kuliko huko linakopeleka mzigo. Mwenye duka anayetaka kuwafikia wateja wa mashariki yote ya nchi akiliona hilo hahitaji kubembelezwa sana.

Kusini mwa mji kuna uwanja wa Rickenbacker, zamani kambi ya ndege za kijeshi, leo unapokea ndege za mizigo kutoka Asia na Ulaya. Mwaka 2008 pembeni yake pakafunguliwa kituo cha reli cha kuhamisha makontena. Ukipita eneo lile utaona ghala linafuatana na ghala. Nguo ni sehemu kubwa ya mzigo huo, na chanzo chake ni cha hapahapa: Leslie Wexner alifungua duka lake la nguo la The Limited kwenye kitongoji cha hapa mwaka 1963, likazaa makampuni ya mavazi ambayo mpaka leo yanahitaji watu wa kupakua, kuhesabu na kusafirisha. Honda nao walianza kutengeneza pikipiki Marysville, mwendo mfupi kaskazini-magharibi, mwaka 1979, na magari mwaka 1982. Viwanda vidogo vinavyowauzia vipuri vimetapakaa hadi vijijini.

Lakini wewe ni mhasibu, na sitaki uje ukiwa unawaza maboksi tu. Kinachoutofautisha mji huu na miji mingine ya Ohio ni kwamba haukutegemea kiwanda kimoja. Cleveland ilikuwa na watu 914,808 mwaka 1950. Mwaka 2020 walikuwa kama 372,000. Youngstown iliishi kwa chuma, na Septemba 1977 kiwanda kikubwa kilipotangaza kufungwa, mji mzima ulipigwa. Columbus ilikuwa na serikali ya jimbo, chuo kikuu cha Ohio State chenye wanafunzi zaidi ya 60,000, benki, bima na hospitali. Huntington ni benki ya hapa, Nationwide ni bima ya hapa, na JPMorgan Chase wana maelfu ya wafanyakazi kaskazini mwa mji. Kila mwaka chuo kinatoa vijana wenye shahada, na mwajiri anayetafuta wahasibu hamsini kwa mkupuo anajua atawapata bila kuwalipa mishahara ya New York.

Kuna jambo moja la zamani ninalolipenda sana, kwa sababu linaonyesha kuwa ukubwa wa mji haukuanguka kutoka mbinguni. Kuanzia miaka ya 1950 viongozi wa mji walikuwa na msimamo: anayetaka maji na mfereji wa majitaka wa Columbus, eneo lake liingie kwanza ndani ya mipaka ya mji. Vitongoji vipya vilivyokuwa vinajengwa vikaingia, na kodi zake zikaingia navyo. Cleveland ilikuwa imezingirwa na vitongoji vyenye serikali zao, watu wenye kipato walipohama walihama na kodi. Hapa mtu akihamia pembezoni, mara nyingi bado yumo mjini.

Sasa nikuambie na upande usioandikwa kwenye matangazo.

Kodi ya nyumba imepanda. Ile niliyopanga kwa dola 560, leo ya aina yake mtaa uleule inakaribia 1,000, na maeneo mapya ni zaidi ya hapo. Mishahara imepanda pia. Kima cha chini cha Ohio kilikuwa dola 7.85 nilipofika, mwaka huu wa 2026 ni dola 11, na maghala mengi yanaanzia 17 au 18 kwa sababu hakuna anayekubali 11. Kwa hiyo ile tofauti niliyoikuta bado ipo, ila imebana. Juu ya hapo, mji unakata asilimia 2.5 ya mshahara wako, mbali na kodi ya jimbo na ya taifa. Watu wengi wanashtuka wakiona hati ya mshahara wa kwanza. Wewe mhasibu usishtuke, weka hesabu hiyo mapema.

Gari. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza, na wachache wananisikiliza. Columbus haina treni ya abiria tangu 1979, wala treni ya chini ya ardhi. Mabasi yapo, na mwaka 2024 wananchi walipiga kura kuongeza kodi ya mauzo ili zijengwe njia za mabasi yaendayo haraka, lakini hizo bado zinajengwa. Ghala linalolipa vizuri liko nje ya pete ya 270, na shifti inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa namlipa mtu dola 40 kwa wiki anibebe. Siku asipokuja, sina kazi siku hiyo. Ukinunua gari bovu utalipia fundi, ukinunua zima utalipia mkopo, na bima ya dereva mgeni ni ghali. Weka kichwani kuwa sehemu nzuri ya ule unafuu wa kodi ya nyumba inaliwa na gari. Anayekwambia New York ni ghali na Columbus ni rahisi bila kutaja gari amekuficha nusu ya hesabu.

Halafu kuna mawakala wa kazi. Wengi wetu hatuajiriwi na mwenye ghala, tunaajiriwa na wakala. Oktoba mpaka Desemba kuna ovataimu mpaka mwili unakataa. Januari unaamka na kukuta ujumbe kwenye simu kuwa usije. Mwaka 2015 nilifanya kazi miezi kumi na moja mahali pamoja nikiahidiwa kuajiriwa moja kwa moja, na wiki ya pili ya Januari tukaachishwa watu zaidi ya thelathini siku moja, kwenye baridi ambayo pumzi inaganda kwenye ndevu. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia nyumbani kuwa nimepata kazi ya kudumu. Kuanzia hapo nikajifunza kuuliza swali la kwanza kwenye kila usaili: mwajiri wangu ni nani hasa, na bima ya afya inaanza siku ya ngapi?

Usisikilize pia ahadi kubwa ukapanga maisha yako juu yake. Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza kuwekeza dola bilioni 20 kujenga viwanda vya chipu za kompyuta karibu na New Albany, mji mdogo kaskazini-mashariki mwa hapa, kwa ajira 3,000. Rais Biden alikuja Septemba ile kwenye uzinduzi wa ujenzi. Nyumba na viwanja upande ule vikapanda bei. Uzalishaji ulikuwa uanze 2025, lakini Februari 2025 wakasema cha kwanza kitakamilika 2030. Ujenzi umewapa watu kazi, siukatai. Ila jimbo na mji wa New Albany viliahidi vivutio vikubwa mno, ukiwemo msamaha wa kodi ya majengo wa miaka 30, na kodi hiyo ndiyo inayoendesha shule. Mimi nina watoto wawili katika shule za serikali. Siwezi kulitazama jambo hilo kama mtu wa pembeni.

Kuhusu biashara yako ya usafirishaji. Kuandikisha kampuni Ohio ni dola 99 mara moja, na hakuna taarifa ya kulipia kila mwaka. Kodi ya biashara ya jimbo inatozwa kwa mauzo, na tangu 2025 dola milioni 6 za kwanza hazitozwi, kwa hiyo mdogo kama wewe hata hutaigusa. Karatasi ni rahisi kabisa. Kinachoua biashara ndogo ya lori ni bima ya lori na bei ya mzigo inayoshuka ghafla. Nimeona vijana watatu wa kwetu wakinunua lori kwa mkopo wakati bei iko juu, na wawili wakalirudisha. Wa tatu alibaki kwa sababu alifanya kwanza kazi ya udereva kwa mwajiri miaka minne, akajua nani analipa kwa wakati. Mtaji wako utunze kwanza.

Kwa uhasibu, kabla hujapanda ndege, tuma nakala rasmi za matokeo yako zikatathminiwe na taasisi inayotambulika. Kuanzia mwaka huu Ohio inamruhusu mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili kufuata leseni ya uhasibu bila ule mwaka wa tano wa masomo uliokuwa lazima, akishafaulu mitihani. Kwako wewe hiyo ni nafasi kubwa. Utaanza ofisini kwa kuingiza ankara, kwenye kampuni za bima au hospitali, na mshahara wa mwanzo unaweza kuwa chini ya ule wa dereva wa foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Nakuomba uvumilie ofisi. Mimi nilifuata dola mbili za ziada ghalani, na mgongo wangu sasa una miaka zaidi yangu. Kama ofisi itachelewa, soma cheti cha uuguzi msaidizi, mafunzo yake ni saa 75, hospitali na nyumba za wazee hazikosi nafasi, na hakuna Januari ya kuachishwa.

Upweke utaupata, ila si kama wa miji mingine. Hapa kuna Wasomali wengi kuliko karibu mji wowote wa Marekani isipokuwa Minneapolis, kuna Wakongo, Wakenya, na kwenye barabara ya Cleveland unaweza kununua, kunyoa na kugombana kwa Kiswahili siku nzima.

Dada yangu, sasa wewe. Fedha zipo, ila hazifiki mwaka wa kwanza. Mwaka wangu wa kwanza Columbus nilituma mara tatu, dola mia mia, na ile ya tatu nilikopa ili nisionekane nimeshindwa. Deni hilo lilinichukua miezi mitano kulilipa, na wakati huo nililala bila kuwasha joto la nyumba. Mtoto akifika, msimpigie kumuomba mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Chumba cha pili hapa kwangu kitakuwa wazi kuanzia Aprili, theluji ikiwa imeisha, na gari la kujifunzia lipo.