Stoo 40 za kupangisha Kigoma: wateja utawahesabuje?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kiwanja Gungu, Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Nafikiria kujenga stoo ndogo 40 za kupangisha kwa mwezi: mteja anaweka mizigo yake, anafunga kwa kufuli lake, funguo anabaki nazo mwenyewe. Nimesoma kuwa Marekani soko la biashara hii hukadiriwa kwa idadi ya watu wanaoishi karibu. Nitumie sensa? Na je, 40 ni nyingi au chache?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Sensa iweke pembeni kwanza. Marekani takribani kaya moja katika kila kumi hupanga chumba cha namna hiyo, na wateja wengi hutoka ndani ya kilomita tano hadi nane. Manispaa yenu mwaka 2022 ilikuwa na watu zaidi ya 230,000. Ukigawa kwa watu watano kila kaya, kisha ukachukua moja ya kumi, unapata wateja kama 4,600. Kuzidisha na kugawa umefanya vizuri, ila jibu ni la uongo. Kwetu mtumishi akihamishiwa Dodoma, kabati na friji vinabaki kwa shemeji, bure. Shemeji huyo ndiye mshindani wako wa kwanza, na kwa bei humuwezi.

Tafuta watu ambao tayari wanalipia nafasi, hata kama ni nafasi mbovu. Zunguka Mwanga, sokoni Kigoma mjini, Ujiji na mwaloni Kibirizi. Tazama fremu zisizouza kitu, zilizofungwa mchana kutwa na ndani zimejaa magunia ya unga, madumu ya mawese, viti vya plastiki au mizigo inayosubiri boti ya Kalemie au Bujumbura. Muulize mwenye fremu kodi yake, upime sakafu, ugawe: hapo una bei halisi ya mita moja ya mraba. Stoo ndogo inaweza kuzidi bei hiyo kidogo, kwa kuwa mteja halipii nafasi asiyoitumia.

Kisha uliza gharama ya kubeba. Mzigo wa Kibirizi ukipandishwa Gungu kwa guta au bajaji na kurudishwa, nauli inaweza kumeza faida ya stoo yako yote. Mwenye mzigo wa siku tatu hatakufuata huko. Wa miezi mitatu anaweza.

Misimu nayo usiisahau. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ziwa likifungwa, nyavu, taa na injini zinahitaji pa kulala, huku wafanyabiashara wa dagaa wakipungukiwa mzigo. Ukifanya utafiti katika miezi hiyo peke yake utapata picha iliyopinda. (Injini na dagaa usiviweke ukuta mmoja, harufu ya petroli itakugombanisha na watu.)

Katika kuhoji, usimuulize mtu kama wazo ni zuri. Atasema zuri, kwa adabu tu. Muulize anahifadhi wapi sasa, analipa ngapi, mzigo unakaa muda gani, na kama yuko tayari kutoa malipo ya awali. Majina kumi yenye malipo ya awali yana uzito kuliko mia mbili ya waliotikisa kichwa.

Sasa hizo 40. Hesabu inayoamua ni hii: wateja wapya kwa mwezi, mara miezi ambayo mteja wa kawaida hukaa, ndiyo idadi ya stoo zitakazokuwa na watu. Tuseme unapata wapya wanne kwa mwezi na kila mmoja anakaa miezi mitano: stoo 20 zina watu, nyingine 20 zinakusanya vumbi, hata ukisubiri miaka. Kujaza 40 unahitaji wapya wanane kila mwezi, bila kukoma. Na tuseme mlinzi, umeme, kodi, bima na rejesho la mkopo vinafika shilingi 900,000 kwa mwezi, na stoo moja ni 45,000. Stoo 20 za mwanzo zinalipa gharama tu. Mfukoni mwako hakijaingia kitu.

Kwa hiyo, kwa mfano huo, 40 ni nyingi. Ningeanza na 14 au 16, nyingi za mita tatu kwa tatu na chache kubwa kidogo za wafanyabiashara, nikiacha nafasi ya gari kugeuza. Awamu hiyo iwe ya fedha zako mwenyewe, maana ukiianza kwa mkopo hata hizo 16 zikijaa zinaweza zisitoshe kulipa gharama pamoja na rejesho. Andika tarehe ya kila anayeingia na anayetoka. Baada ya mwaka daftari hilo litakupa muda halisi wa ukaaji, na awamu ya pili utaipanga kwa namba zako.

Ukishapata hayo majina kumi, nitumie vipimo vya kiwanja tuangalie mpangilio wa milango.