Magongo ya barafuni yanalipa?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Binti yangu anacheza mpira wa magongo (hoki) pale Lugogo. Sasa anataka ya barafuni, ati atalipwa. Kweli? (Mama Aisha, Kampala)

JIBU: Marahaba. Ni kweli. Ligi ya wanawake, PWHL, ilianza Marekani na Kanada Januari 2024 kwa timu 6, mshahara wa chini dola 35,000 kwa msimu. Kwa kodi za nyumba za Toronto, hizo si za kujengea ghorofa! Lakini haikuja kirahisi: kabla yake, mwaka 2019, wachezaji wanawake zaidi ya 200 waligoma kwa kukosa ligi yenye malipo ya maana.

Gongo lake la sasa hupigia upande mmoja tu. La barafuni hupiga pande zote mbili. Hilo atalizoea. Kazi ni kuteleza, hasa kusimama ghafla. Mnunulie viatu vya magurudumu ajifunzie kuteleza, na vikinga magoti usisahau.