Mchicha wa kando ya barabara: mbolea ni jambo dogo

Dada mmoja wa Buswelu, hapa hapa Mwanza, ameniandikia baada ya kuona picha ya bustani yetu. Anauliza tunatumia mbolea gani, maana mchicha wao wa kando ya barabara unadumaa. Nimecheka. Kila anayeniuliza anaanza na mbolea.

Haya, mbolea ni samadi ya mbuzi iliyokaa ikapoa. Udongo wa Mwanza tunaujua, mawe na kichanga, maji hayakai. Kwa hiyo tunafunika matuta kwa magugu maji ambayo wavuvi wameshayavuta nchi kavu pale mwaloni. Yaanikeni mpaka yakakamae kabisa, kwani konokono wa kichocho hujificha kwenye mizizi yake. Basi, mbolea imeisha. Tuongee habari ya watu, kwa sababu bustani ya barabarani inauawa na watu.

Kipande chetu kiko Nyakato, kati ya mtaro na kuta za nyumba. Kilikuwa dampo. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini udongo wetu haukupata taarifa: kila jembe likishuka linaibuka na rambo la bluu, limejikunja na kushikana na mizizi, ukilivuta linachanika vipande vipande. Tulianza watu wachache tu, mimi, mama muuza vitumbua, na mzee mmoja mstaafu mwenye reki yake. Jirani mmoja, simtaji, akasema pale gengeni watu wakisikia: "Hao wamekosa kazi, sasa wanalima barabara."

Sijasahau. Masika ilipokolea, matembele yakafunika ardhi yote, binti yake akaja jioni na beseni. "Shikamoo mama, nimetumwa mboga." Nikamchumia machanga, ya juu juu, yale ninayochuma kwa ajili ya nyumba yangu. Mkono ulitoa, moyo ulikuwa umenuna. Leo huyo jirani ana tuta lake, na wageni wakija huwaonyesha kana kwamba wazo lilikuwa lake. Sawa tu. Ila mimi najua, na mtaa mzima unajua.

Kwa hiyo shirikisheni watu mapema, hasa wale wanaowacheka. Na kibali ni sehemu ya kushirikisha watu. Hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya kando iliyotengwa kwa ajili ya barabara, si yako hata kama unaifagia kila asubuhi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, zile kuu na za mkoa chini ya TANROADS, zote mbili ni wakala za serikali. Sisi tulianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, yeye akatupeleka kwa mtendaji wa kata. Tukaambiwa tusizibe mtaro, tusipande kitu kirefu kwenye kona, na tukitakiwa kuondoka tuondoke bila kudai fidia. La kona lina maana. Mahindi yakisimama pale, bodaboda haoni mtoto anayevuka.

La fidia tulilionja. Asubuhi moja mafundi wa bomba walipitisha mtaro wao katikati ya matuta yetu, hakuna aliyetupigia hodi. Nililia, na sioni aibu kusema. Lakini tuliokota marando yaliyokatwakatwa, tukayachomeka upande wa pili, yakashika. Ndiyo maana nasema pandeni vya muda mfupi. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne. Ukipanda mpapai kwenye hifadhi ya barabara unajitafutia presha.

Wengine wanaogopa moshi wa magari. Petroli yenye risasi, yale madini yenye sumu, iliachwa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini risasi haiozi, inabaki kwenye udongo. Kama mko kando ya barabara kuu ya zamani, pandeni kwenye viroba vyenye udongo mliouleta kutoka mbali na barabara. Mboga ioshwe vizuri kokote ilikotoka, vumbi halichagui mtaa.

Kuhusu wizi: anayemwagilia ndiye anayevuna, na siku ya kuvuna ijulikane na wote. Kwetu ni Jumatano na Jumamosi. Mpita njia akiomba fungu, apewe. Aliyepewa leo kesho anakulindia. Narudia, watu kwanza.

Na maji. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kila nyumba ilete ndoo yake. Msichote mtaroni hata kama maji yanaonekana safi. Sisi tunaoishi chini ya miamba tunajua kinachoshuka humo mvua ikinyesha, maana kuna watu huko juu wanasubiri wingu ili wafungulie vyoo. Halafu mboga hiyo hiyo wanakuja kuiomba! Watu wazima, wenye watoto, Jumapili wako kanisani mbele kabisa. Kama yuko mtaani kwenu, mwendeeni, mwambieni usoni. Wa kwetu nilimwambia mwenyewe mbele ya mwenyekiti. Choo amekijenga upya. Salamu yangu mpaka leo haitikii.