Jibu: Kwa nini kila mgeni anatupa nyota tano?

Ndugu, umeuliza kama fomu ya maoni ya nyumba yenu ya wageni, ambayo karibu kila mtu huijaza nyota tano, itakuwa na maana zaidi mkiongeza alama kutoka 5 hadi 10. Kwa uzoefu wangu wa kuandaa dodoso za semina, haitasaidia: aliyekuwa akiweka 5 ataweka 10, nanyi mtabaki gizani vilevile.

Angalieni kwanza fomu inapokelewa na nani. Kwetu mwezeshaji alikuwa akisimama mlangoni akizikusanya mwenyewe, kwa hiyo mshiriki aliyemwandikia "hafifu" alilazimika kumkabidhi karatasi hiyo ana kwa ana. Tulipoweka sanduku lenye kufuli mbali na ukumbi na kuondoa sehemu ya jina, alama zilishuka na maelezo yakaanza kusomeka. Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba na vyumba kwa wageni, waligusa jambo hilohilo mwaka 2014, walipoamua kwamba mgeni na mwenyeji wasione tathmini ya mwenzake mpaka wote wawili wawe wameandika au muda wa siku 14 uishe, ili watu wasiogope kulipiziwa.

Maneno nayo yana kazi kubwa. Kipimo cha "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", kilichotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert ya mwaka 1932, humvuta mtu mpole aitikie lolote analosomewa. Badala ya kumtaka akubali kwamba huduma ilikuwa nzuri, mwulizeni alichokiona: "Maji ya moto yalipatikana: muda wote, mara nyingi, mara chache, hayakupatikana, sikuyahitaji." Hilo la mwisho msilisahau, la sivyo aliyeoga maji baridi kwa hiari yake atabahatisha tu.

Kwetu hata mgonjwa akijuliwa hali huanza na "sijambo", ndipo asimulie maumivu. Mwachieni mgeni naye nafasi ya "ila", kwa swali moja la wazi chini ya kipimo: "Turekebishe kitu gani kimoja kabla hujaja tena?" Mimi huanza kusoma hapo, nyota baadaye.

Tena meneja asikate posho ya mhudumu kwa sababu ya alama. Akifanya hivyo, wahudumu wataanza kuomba nyota tano mgeni anaporudisha ufunguo, naye kwa huruma atawapa, hata kama alilalia shuka lenye madoa.